Betri Mbovu na Vidole Viwili: Kumbukumbu za Mashine ya Mbao Ukerewe

Mwaka 1998 hapakuwa na mwalo kisiwani Ukerewe ambako hukusikia nyundo ya fundi mitumbwi. Sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, alikuwa amebadili maisha ya mwambao mzima. Mwanza kulikuwa na viwanda vya minofu, boti za barafu zilizunguka visiwani kukusanya samaki, na ndege za mizigo zilitua uwanja wa Mwanza kubeba minofu kwenda Ulaya. Kila aliyepata mtaji alitaka mtumbwi, na kila mtumbwi ulitaka mbao.

Mbao hizo sisi ndio tuliozipasua. Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, na kazi niliyoijua ilikuwa ya msumeno wa mikono. Gogo linapandishwa juu ya jukwaa, mtu mmoja anasimama juu yake na mwenzake anasimama chini, msumeno unapanda na kushuka kutwa nzima. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye mkaa. Wa chini anakula vumbi. Tulipasua mivule michache iliyobaki mashambani, misonobari ya shamba la serikali la Rubya na mikaratusi ya watu binafsi. Jua likizama, mbao za kutwa nzima zilikuwa mzigo wa watu wawili tu, nao waliubeba bila kupumzika njiani.

Ndipo mashine ya kupasua mbao, ya kuhamishika, ilipokuja. Ilishushwa Nansio kutoka kwenye meli ikiwa imefunguliwa vipande vipande, mali ya mfanyabiashara mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Ilikuwa mtumba, na kibandiko cha kampuni iliyoiunda kilikuwa kimebanduka zamani. Mashine za aina hiyo zilienea duniani kuanzia miaka ya 1980, hasa baada ya kampuni ya Wood-Mizer kuanzishwa jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1982. Faida yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kuburuta gogo: huna haja ya kulipeleka gogo kiwandani, kwa kuwa kiwanda kinalifuata gogo lilipoangukia.

Tuliiunganisha chini ya mwembe, karibu na ufuo. Kitanda chake kilikuwa cha reli mbili za chuma, na gogo lililala juu ya kitanda hicho bila kusogea. Kilichosogea ni kichwa cha mashine, chenye injini ya petroli na magurudumu mawili yaliyovishwa raba. Msumeno wenyewe ulikuwa utepe wa chuma ulioungana ncha, wenye mzunguko wa mita 4 hivi, upana wa milimita 32 na unene unaozidi milimita 1 kidogo tu. Ulizunguka juu ya magurudumu hayo, na mwendeshaji akakisukuma kichwa mbele, ubao ukachomoka kwa mpasuo mmoja.

Wembamba huo ndio uliokuwa mali. Msumeno wa duara, wa aina ya zile mashine ambazo kule Mufindi huitwa ding dong, hula milimita 6 hadi 8 za mti kila unapopita. Kila mipasuo minne imegeuza ubao mzima wa inchi 1 kuwa vumbi. Msumeno wetu ulikula milimita 2 hivi, kwa hiyo ilihitajika mipasuo 12 kupoteza kiasi hicho hicho. Gogo lile lile, mti ule ule uliochukua miaka kukua, lilitoa mbao nyingi zaidi, tena zilizonyooka. Fundi mitumbwi anajua maana ya ubao ulionyooka: pamba ya kuziba nyufa inatumika kidogo, na chombo hakivuji.

Aliyetufundisha kuiendesha alikuwa mzee aliyestaafu karakana ya meli, Bandari ya Mwanza Kusini. Sote tulimwita Fundi, naye alituita wanangu. Ilikuwa miaka miwili tu tangu MV Bukoba izame, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na mzee huyu alikuwa amezika ndugu. Hakupenda kuizungumzia. Lakini mtu aliyefanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli, kisha akazika watu wa meli, hana subira na mwenzake anayesema tutaangalia kesho.

Alikuja na daftari la shule, akalichora mistari kwa rula. Kila asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, mmoja wetu alisoma daftari kwa sauti na mwingine akagusa kitu kinachotajwa. Hata aliyekuwa anaharakisha alisubiri.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Tulianza na ardhi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuwa zimelegeza udongo wa ufuoni, na mguu mmoja wa kitanda ukizama sentimita chache, mbao zote za siku hiyo zinatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Tuliweka pima maji kwenye reli, tukainua panapohitaji, tukafagia vumbi la jana. Kisha oili ya injini, petroli na chujio la hewa, ambalo kwenye kazi ya mbao huziba upesi. Petroli ilijazwa injini ikiwa baridi, maana vumbi kavu la msonobari likikaa karibu na ekzosi ya moto linasubiri tone moja tu. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga zilikaa pembeni, wala hazikuazimwa kwa kazi nyingine.

Baada ya hapo tulikagua msumeno. Tukiwa tumevaa glavu na miwani, tuliuzungusha taratibu kwa mkono, injini imezimwa, jino kwa jino, tukitafuta nyufa kwenye mabonde yaliyo kati ya meno. Ufa mwembamba kama unywele ulitosha kuuweka msumeno kando. Tuliangalia mkazo wake, tukaangalia kama unakaa sawasawa juu ya gurudumu, tukapima rola zinazouongoza: mgongo wa msumeno usigusane na ukingo wa rola wakati haukati, pabaki nafasi ya milimita 2 hivi. Mwisho kabisa, vifuniko vya magurudumu vilifungwa na kubanwa, na Fundi alivigonga kwa kiganja kimoja baada ya kingine.

Vifuniko hivyo nilivielewa siku msumeno ulipokatika. Ulikatika katikati ya gogo la mkaratusi, kikasikika kishindo kimoja, kisha mlio wa chuma kikijigonga ndani ya bati. Mwendeshaji alizima. Tulisubiri magurudumu yasimame, tukafungua kifuniko, tukaukuta umejikunja ndani. Hakuna aliyeguswa. Fundi alitukalisha chini, akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo ncha ya msumeno ilikuwa imelikwangua bati kwa ndani, mkwaruzo mrefu uliong'aa. Akasema, "Hapo ndipo ungepita shingoni mwa mtu." Kwa sababu hiyo hiyo hakuruhusu mtu kusimama sambamba na msumeno, mbele wala nyuma yake, mashine ikiwa kazini.

Magogo nayo yalikuwa na siri zake. Mti uliokua porini hauna mengi ya kuficha, ila mti uliokua mwaloni umeishi na watu. Wavuvi huupigilia misumari ya kutundikia nyavu, hufunga waya, hufunga minyororo ya mitumbwi, na mti unaendelea kunenepa hadi unameza vyote. Tulipopata gogo la namna hiyo, Fundi alilizunguka polepole, akachuna maganda kwa panga, akapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku huona msumari wa karibu tu. Wa ndani hujulikana kwa doa: chuma kikikaa ndani ya mti hutoa rangi nyeusi inayoelekea bluu, na doa hilo hutokeza kwenye kichwa cha gogo. Nimeliona likitokeza kwenye mkaratusi uliokatwa karibu na ufuo. Tulichimba kwa patasi, tukakuta msumari mnene wa mtumbwi, umri wake huenda ulinizidi.

Gogo likishawekwa kitandani, lilibanwa kwa vibanio, na vibanio vikashushwa chini ya mstari ambao msumeno utapita. Hilo nalo lilisomwa daftarini kila gogo linapogeuzwa, kwa kuwa kibanio kilichofaa kwa mpasuo wa kwanza kinaweza kuwa njiani mwa mpasuo wa tano. Kulizungusha gogo tulitumia mtaimbo, watu wakiwa upande mmoja wote, asibaki mtu upande linakoangukia.

Utomvu wa msonobari hunata kwenye msumeno, msumeno unapata joto, unalegea, unaanza kupanda na kushuka ndani ya gogo na ubao unatoka na mawimbi. Dawa yake ni maji yanayodondoka kidogo kidogo, tukayatia sabuni ya unga. Nilikuja kuona mahali pengine watu wakitumia dizeli. Fundi aliikataa. Kina mama wa jirani walikuja kila jioni kuchota vumbi la mbao kwa ajili ya majiko na mabanda ya kuku, na hakutaka mtu abebe nyumbani kwake vumbi lililolowa dizeli. Watoto walifuata mabanzi. Kwa ajili yao tulizungusha kamba yenye vitambaa vyekundu kuzunguka eneo lote, na sharti lilikuwa hili: mtu yeyote akivuka kamba, awe mtoto wa jirani au tajiri mwenye mashine, injini inazimwa.

Kila msumeno ulifanya kazi takriban saa 2, kisha ulivuliwa hata kama bado ulikuwa unakata. Mwanzoni tuliona ni uvivu. Fundi alitueleza kuwa chuma kinachopinda na kunyooka mamia ya mara kwa dakika huchoka, na kikichoka hakitoi taarifa. Msumeno uliovuliwa ulitundikwa upumzike hadi kesho yake. Wakati wa kuunoa, meno yalitawanywa kwanza, moja kushoto, moja kulia, moja likabaki katikati, ndipo jiwe likapitishwa, tena kwa kugusa tu. Jino likigeuka bluu limeungua, makali yake hayakai. Msumeno butu una hasara kubwa kuliko mbao mbaya: mwendeshaji anaanza kusukuma, msumeno unapinda, unapata joto, na mwisho wake ni kukatika. Jioni mkazo ulilegezwa ili raba za magurudumu zisibonyee, na kipande cha boksi chenye neno UMELEGEZWA kikatundikwa kwenye mtambo ili asubuhi asitokee mtu wa kuwasha kabla ya kukaza.

Juu ya yote hayo palikuwa na sheria moja ambayo Fundi hakuiandika daftarini kwa sababu alitaka tuijue bila kusoma. Anayeingiza mkono ndiye anayekaa na ufunguo. Kama kibanzi kimenasa kwenye rola, kama maji yameziba, kama beliti inateleza, anayetaka kushughulikia anasema, mwendeshaji anazima, anachomoa ufunguo na kumkabidhi. Ufunguo unaingia mfukoni mwa yule atakayegusa msumeno, na mashine haiwezi kuwaka mpaka yeye mwenyewe aurudishe. Si mwendeshaji, si tajiri, hakuna mwingine.

Tuliishi hivyo kwa miezi mingi, na hakuna aliyekatwa.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwenye soko lake, kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Bei ya sangara iliporomoka mialoni. Waliokuwa wameagiza mitumbwi walirudi kudai malipo yao ya awali. Mashine ilikaa kimya, kisha ikafanya kazi mara moja moja kwa ajili ya kenchi za nyumba. Tajiri alianza kupunguza gharama, na gharama ya kwanza kupunguzwa ilikuwa Fundi. Aliambiwa apumzike mpaka hali itakapotengemaa. Aliondoka na begi lake, daftari akatuachia.

Vitu vikaanza kuharibika kimoja kimoja. Bawaba ya kifuniko cha upande wa msaidizi ilikatika, ikafungwa kwa waya. Raba ya gurudumu moja ikapasuka pembeni, ikaachwa. Kisha betri ikafa. Injini ile ilikuwa ya kuwashwa kwa umeme pekee, kwa hiyo kila asubuhi tuliazima betri ya trekta la jirani, tukawasha, tukairudisha. Ikishawaka, hakuna aliyethubutu kuizima. Iliunguruma tangu asubuhi hadi tunapofunga kazi, hata wakati wa kugeuza gogo, hata wakati wa kunywa uji.

Hapo sheria ya ufunguo ilikufa bila mtu kuifuta. Huwezi kumkabidhi mtu ufunguo wa injini ambayo hamtaki izimike. Tukaanza kutumia ule wenzo unaolegeza beliti: mwendeshaji anailegeza, injini inabaki inaunguruma, na msumeno unaachwa usimame wenyewe. Lakini magurudumu mazito hayasimami mara moja. Na injini ikiwa inaunguruma, sikio haliwezi kujua kama msumeno umesimama au bado unazunguka. Jicho nalo haliwezi, maana meno yakienda kasi hayaonekani. Unachokiona ni utepe wa chuma uliotulia.

Marufuku ya Ulaya ilipoondolewa, mbao zilitakiwa zote kwa mara moja. Malipo nayo yalibadilika. Wakati wa Fundi tulilipwa kwa siku. Sasa tulilipwa kwa ubao. Dakika ya kukaza kibanio ikawa pesa inayotoka mfukoni mwa kila mmoja wetu, na aliyesema tusubiri alionekana adui wa wenzake. Daftari lilikuwa bado limetundikwa chini ya mwembe. Hakuna aliyelisoma.

Ajali ilitokea jioni moja, boti imeshatia nanga mwaloni ikisubiri mbao za kupeleka Kirumba, Mwanza, na mwenye boti anapiga kelele kwamba upepo unabadilika. Nilikuwa upande wa nyuma, napokea mbao. Msaidizi wa mwendeshaji alikuwa kijana mdogo kuliko sote, mtoto wa msuka nyavu, mchapakazi na mwenye adabu, aliyejifunza kazi baada ya Fundi kuondoka. Kibanzi kirefu cha msonobari kilinasa kati ya msumeno na rola, ubao ukaanza kutoka na mawimbi. Mwendeshaji akalegeza beliti. Kijana akapeleka mkono kukichomoa kibanzi.

Alikuwa amevaa glavu ya uzi. Nilikiona kidole cha glavu kikivutwa, kisha mkono ukavutwa, kisha yeye mwenyewe akajirusha nyuma. Hakulia. Aliuangalia mkono wake wa kulia kwa mshangao, kama vile ni wa mtu mwingine. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo.

Mwendeshaji alizima injini. Tulifunga mkono kwa kanga safi ya mama mmoja aliyekuwa amekuja kuchota vumbi la mbao, tukaukandamiza na kuuinua juu. Sanduku la huduma ya kwanza hatukuwa nalo. Boti iliyokuwa inasubiri mbao ndiyo iliyompeleka Nansio, na kutoka huko akavushwa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mbao zililala mwaloni usiku ule, na hakuna aliyeziulizia, hata mwenye boti.

Nilipokwenda Mwanza kumjulia hali mgonjwa, nilipita Igogo nyumbani kwa Fundi. Nilimsimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja: "Ufunguo ulikuwa wapi?"

Nikamwambia ulikuwa kwenye mashine, kwa sababu ya betri.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Mwanangu, watu watasema kijana alizembea. Kijana hakuzembea, alifanya kama alivyofundishwa. Na aliyemfundisha ni ile betri. Kila siku ilimwambia kwamba mashine haizimwi, mkono unaingia hivyo hivyo. Ningekuwa mimi, nisingeandika ajali. Ningeandika betri."

Miaka mingi nimeyatafakari maneno hayo, na kila mashine niliyoiona tangu wakati ule imeyathibitisha. Watu wengi hutenganisha matengenezo na usalama. Matengenezo huonekana ni gharama ya mwenye mali, na usalama huonekana ni tabia ya mfanyakazi. Ukweli ni kwamba mashine mbovu humfundisha mfanyakazi tabia mbovu. Kifuniko kilichofungwa kwa waya kinamzoesha kufanya kazi kifuniko kikiwa wazi. Msumeno butu unamzoesha kusukuma. Kibanio kinachoteleza kinamzoesha kushika gogo kwa mguu. Betri mbovu inamzoesha kugusa chuma kilicho hai. Siku ya damu ikifika, tunamlaumu mtu kwa somo tulilompa wenyewe.

Nilielewa pia kwa nini mzee alishikilia ufunguo kuliko kitu kingine. Kuzima injini, kuchomoa ufunguo, kumkabidhi mwenzako, kuzunguka hadi upande wa pili na kufungua kifuniko huchukua muda. Katika muda huo magurudumu yameshasimama, na kwa kuwa injini iko kimya, kila mtu anasikia kwamba yamesimama. Hata mtu aliyechoka, hata anayepigiwa kelele na mwenye boti, hawezi kuufikia msumeno kabla haujatulia.

Kijana yule alipona. Alirudi Ukerewe, akapewa kazi ya kuhesabu mbao na kuandika. Kusuka nyavu, kazi ya baba yake na babu yake, hakuweza tena, maana kazi ile inataka vidole vile hasa alivyovipoteza. Fidia aliyopata ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani na fedha kidogo kwa huruma ya tajiri.

Leo sheria imesogea mbele. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA, ana mamlaka ya kuingia na kukagua sehemu za kazi. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao mwajiri huuchangia ili anayeumia kazini asitegemee huruma ya mtu. Kijana wa leo anaweza kusomea fani yenyewe katika Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi, au kujifunza ufundi wa mitambo katika chuo cha VETA. Sisi tulikuwa na mzee mmoja na daftari lake.

Mbao nazo zitaendelea kupasuliwa. Rubya bado ni msitu, Buhindi kule Buchosa kuna misonobari, na Chato kuna shamba jipya la miti la Silayo. Watu wa mwambao wamepanda mikaratusi na migrivilea kwenye mipaka ya mashamba yao. Tangu Juni 2025 lori linavuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja, bila kusubiri kivuko, na mbao za ng'ambo zinafika Mwanza upesi kuliko zamani. Mashine ndogo za kuhamishika zitaongezeka, na nyingi zitakuwa mitumba kama ile yetu, mbali na fundi, mbali na hospitali, mikononi mwa vijana wanaolipwa kwa ubao.

Kwa wenye mashine nina ombi. Lipeni kwa siku, au kama mnalipa kwa ubao, lipeni pia muda wa ukaguzi wa asubuhi na wa kunoa misumeno, ili asiwepo kijana anayeadhibiwa kwa kuwa makini. Waandikisheni wafanyakazi wenu kwenye Mfuko wa Fidia. Wekeni sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Bawaba ikikatika, kazi isimame mpaka ipatikane nyingine. Na injini isiyoweza kuzimwa kwa hofu kwamba haitawaka tena, hiyo ni mbovu, hata kama mbao zake zinatoka zimenyooka. Bei ya betri mnaijua. Inunueni kesho asubuhi, kabla ya gogo la kwanza.

Na wewe kijana unayesimama kando ya mashine hizo, usipeleke mkono wako kwenye msumeno kwa neno la mtu yeyote mpaka ufunguo uwe mfukoni mwako. Ukiambiwa unachelewesha kazi, jibu kwa adabu, kisha uendelee kunyoosha mkono uupokee.